Dvořák alivukaje mpaka? Maelezo kwa watunzi wa kwaya wa Kusini

Mwaka 1874 Antonín Dvořák, mtunzi wa muziki Mcheki, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Adalbert mjini Prague, kwa mshahara wa gulden 126, fedha ya Austria, kwa mwaka. Ana mke, ana mtoto mchanga, anazunguka kufundisha piano kwenye nyumba za watu ili siku zisogee. Septemba 1892 alishuka melini New York kuanza kazi ya dola 15,000 kwa mwaka. Kati ya mishahara hiyo miwili ipo miaka 18, na hiyo ndiyo miaka ambayo huwa inasimuliwa vibaya.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania hadithi yake inapita kwenye kwaya kwa mkato: mtoto wa muuza nyama, Mungu akampa kipaji, dunia ikamjua. Nimeisikia hapa Mtwara mjini, nimeisikia Masasi kwenye semina ya walimu wa kwaya, na haikosi kufuatiwa na swali la mtunzi kijana aliyekaa nyuma: mbona wimbo wangu unaimbwa parokia tatu tu, tena zote za barabara moja? Wakubwa humjibu kwamba avumilie, kipaji hakifichiki. Mimi jibu hilo silipendi. Kipaji kinafichika vizuri kabisa. Cha Dvořák kilikaa ndani ya mji mmoja hadi alipotimiza miaka 37, na kilichokitoa nje ni watu wenye majina yao, karatasi zenye bei zake, na aina ya biashara ambayo ilikuwa na kanuni zake. Tukizitazama kanuni hizo, mengi yanaeleweka, pamoja na yale ya kukera.

Kijiji chake, Nelahozeves, kiko kando ya mto Vltava, kaskazini mwa Prague. Alizaliwa hapo tarehe 8 Septemba 1841. Baba yake alikuwa na bucha na nyumba ya kulala wageni. Nchi yao, Bohemia, ilikuwa chini ya dola ya Austria. Nyumbani watu walisema Kicheki, lakini ofisini na kwenye biashara kubwa ilitakiwa Kijerumani. Kwa hiyo kijana akapelekwa mji mdogo wa Zlonice, ajifunze Kijerumani ili biashara ya baba iendelee. Ikatokea kwamba mwalimu wake wa Kijerumani, Antonín Liehmann, ndiye pia aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Kijana alipewa Kijerumani kidogo na muziki mwingi: kinanda, viola, na namna ya kupanga sauti. Mwalimu wa shule ambaye jioni ndiye mwalimu wa kwaya ni mtu tunayemfahamu sana. Bila yeye nusu ya kwaya za Newala na Nachingwea zisingekuwepo.

Mwaka 1857 akaenda Prague kusoma chuo cha kinanda cha kanisa, miaka miwili. Baada ya hapo akawa mpigaji wa viola, ile fidla ya sauti ya kati ambayo msikilizaji wa kawaida haitambui, katika bendi iliyopiga kwenye mahoteli na kwenye dansi. Mwaka 1862 Wacheki walipopata ukumbi wao wa opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Kicheki, bendi ile ikaingizwa kwenye okestra ya ukumbi huo, na Dvořák naye ndani. Alikaa kwenye kiti kile hadi 1871. Mwaka 1863 Richard Wagner mwenyewe, mtunzi mashuhuri wa opera wa Ujerumani, alikuja Prague kuongoza onyesho la kazi zake, na kijana wetu alikuwa kwenye mstari wa viola. Kuanzia 1866 kiongozi wa okestra alikuwa mtunzi mkubwa wa Kicheki, Bedřich Smetana. Alisoma muziki wa Ulaya kutokea katikati, akiwa amezungukwa na vyombo, na mshahara wake ulikuwa wa kubahatisha.

Miaka yote hiyo alikuwa anatunga, karibu bila mtu kujua. Mwaka 1865 peke yake aliandika simfonia mbili, yaani kazi ndefu za okestra. Ya kwanza aliituma kwenye shindano Ujerumani na haikurudi. Ilikuja kugundulika kwamba nota zake zilishaangukia kwenye duka la vitabu vya mtumba Leipzig, na ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1936, mwenyewe ana miaka 32 kaburini. Wenye tabia ya kutoa nakala yao pekee bila kubaki na nyingine wasikie.

Mafanikio yake ya kwanza yaliletwa na kwaya. Tarehe 9 Machi 1873 Hlahol, kwaya kubwa ya raia wa Prague, waimbaji ambao mchana walikuwa na kazi zao nyingine, iliimba utenzi wake kuhusu msiba wa kale wa taifa la Wacheki. Watu wakapiga makofi, magazeti ya Kicheki yakaandika, na Dvořák akawa mtunzi anayejulikana Prague. Ni vyema kusimama hapa kidogo, maana watunzi wengi wa Kicheki wa rika lake waliishia hapo hapo na hakuna aliyewaona wana kasoro. Walikuwa na kwaya, walikuwa na ukumbi, walikuwa na taifa linalowapenda. Walichokosa ni msomaji wa nje.

Msomaji wa nje alipatikana kwa njia isiyo ya kishujaa hata kidogo: kwa fomu ya maombi. Serikali ya Austria ilikuwa na ruzuku ya wasanii vijana, maskini na wenye kipaji. Mwaka 1874 Dvořák alituma kazi 15, zikiwemo simfonia, pamoja na uthibitisho kwamba hana kitu. Mwanzoni mwa 1875 akapewa gulden 400, mara tatu ya mshahara wake wa kanisani. Akaomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Fedha zilimsaidia kuacha baadhi ya vipindi vya piano akapata muda wa kutunga. Lakini ukiniuliza mimi, fedha zilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kwamba nota zake zilifika mezani Vienna, mji mkuu wa Austria, mbele ya watu waliolazimika kuzisoma. Mmoja wa waamuzi alikuwa Eduard Hanslick, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote katika mji ule. Muda mfupi baadaye akaongezwa mwamuzi mwingine, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani, Johannes Brahms.

Hapo sasa inaingia familia moja ya Prague. Mfanyabiashara Jan Neff na mkewe walikuwa wanapenda kuimba nyumbani, na Dvořák alikuwa mwalimu wa piano wa nyumba hiyo. Walimwomba nyimbo za sauti mbili. Akachukua mashairi ya watu wa Moravia, jirani na Bohemia, akayatungia muziki mpya. Mwaka 1876, mwaka uleule ambao Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwafikisha Masasi watu waliokuwa wameachiwa huru kutoka utumwani, Neff alizichapisha nyimbo hizo kwa pesa yake mwenyewe. Hakuwa mchapishaji, alitaka tu mwalimu wa nyumbani kwake aone jina lake kwenye karatasi safi. Kitabu hicho ndicho kilichotumwa Vienna pamoja na maombi ya ruzuku ya 1877.

Brahms alizipenda nyimbo zile. Hanslick akamwandikia Dvořák kumpa habari hiyo, akamshauri na kutafuta kujulikana nje ya nchi yake ndogo. Desemba 1877 Brahms alimwandikia mchapishaji wake Fritz Simrock wa Berlin, akimsifia nyimbo hizo na kusema mtunzi wake ni maskini. Aliongeza neno la kibiashara: maneno ni ya Kicheki matupu, kwa hiyo itabidi yatafsiriwe vizuri. Simrock akazitoa mwaka 1878 kwa maneno ya Kijerumani. Dvořák hakulipwa chochote.

Simrock alipoona zinanunulika, akamwagiza kitu kingine: ngoma za mtindo wa Kislavi za kupigwa na watu wawili kwenye piano moja. Agizo hilo tulielewe vizuri. Redio haikuwepo, na santuri zilikuwa bado hazijaingia majumbani. Familia ya Berlin au Vienna yenye uwezo ilikuwa na piano sebuleni, na jioni ndugu wawili waliketi benchi moja wakapiga. Muziki uliuzwa kama karatasi. Brahms alikuwa ameshamtajirisha Simrock kwa ngoma za Kihungaria za aina hiyohiyo, na mchapishaji akaona kwamba soko linataka nyingine yenye ladha ya mbali kidogo. Kwa hiyo mlango wa Dvořák wa kuingilia Ulaya ulikuwa na kipimo chake tayari. Simfonia ya saa nzima isingepita. Ngoma fupi nane zikapita.

Alilipwa mark 300 za Kijerumani. Kazi nzima ikawa ya Simrock, na nakala zote zilizouzwa baadaye, maelfu kwa maelfu, hazikumrudishia mtunzi kitu. Mkulima wa korosho wa Tandahimba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hiyo ni kangomba. Mzigo unanunuliwa kwa mwenye shida, kabla haujafika ghalani, kwa bei ya mwenye shida, na mnada ukipanda yeye hayumo.

Hata hivyo naona angekosea sana kukataa. Simrock alikuwa na maduka, alikuwa na orodha ya wateja kila nchi yenye piano, na hakuna mtu Prague aliyekuwa na kitu hicho. Tarehe 15 Novemba 1878 mhakiki Louis Ehlert aliandika kwenye gazeti la National-Zeitung la Berlin kuhusu nyimbo zile na ngoma zile, akishangilia kwamba amekutana na kipaji halisi, chenye uasili wa kweli. Siku zilizofuata watu walimiminika kwenye maduka ya nota. Lakini tujiulize: Ehlert angeandika nini kama duka lisingekuwa na karatasi ya kuuza? Sifa iliukuta mzigo uko dukani. Kwetu sifa inakuja kwenye kipaimara au upadrisho, watu mia tano wanaulizia wimbo ule wa kutolea ni wa nani, na mtunzi ana nakala moja kwenye daftari lenye madoa ya mafuta ya taa.

Mpaka hapa Dvořák ni mtunzi wa ngoma za sebuleni. Waliompandisha ngazi ni Waingereza, na walimpandisha kwa kwaya.

Mwaka 1875 binti yake alifariki akiwa na siku mbili. Agosti na Septemba 1877 akafiwa na watoto wawili waliokuwa wamebaki. Novemba mwaka huo alikamilisha Stabat Mater, ule utenzi wa Kilatini wa Mama mwenye uchungu chini ya msalaba, aliokuwa ameanza kuuandika mwaka uliotangulia. Uliimbwa Prague Desemba 1880. Maneno ya Kilatini ndiyo yaliyokuwa pasi ya kusafiria: hakuna wa kutafsiri, kila kwaya ya Ulaya inayajua au inaweza kuyatamka. Machi 1883 ukaimbwa London. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Machi 1884, mtunzi mwenyewe alisimama kuuongoza kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, mbele yake waimbaji zaidi ya 800. Aliwaandikia watu wa nyumbani akiwahesabia sauti moja moja, soprano 250, alto 160, tena (sauti ya juu ya wanaume) 180, besi 250, kama mwalimu yeyote wa kwaya anavyofanya akirudi safari. Akiwa na tena 180! Kwaya yetu ikipata tena wanne wenye afya Jumamosi moja tunashukuru.

Watu 800 hao walitoka wapi? Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa kwaya za raia: karani, fundi, mwalimu, mke wa muuza duka. Kulikuwa na matamasha makubwa ya kwaya Birmingham, Leeds, Worcester, na kila tamasha lilitaka kazi mpya ya kutambia. Mchapishaji Novello wa London alikuwa ameshusha bei ya vitabu vya kwaya hadi mwimbaji wa kawaida aweze kununua chake, tena akachapa vingine kwa tonik solfa, ule mtindo wa d, r, m alioubuni Sarah Glover wa Norwich na kuendelezwa na mchungaji John Curwen, kwa ajili ya watu wasiosoma nota za mistari. Dvořák alitunga kazi kubwa kwa ajili ya Birmingham na Leeds, akafika Uingereza mara tisa kwa jumla. Alipokewa na watu wanaoimba, na mtu aliyewahi kuimba kazi yako akiwa na kitabu mkononi hawezi kukusahau kirahisi kama aliyekusikiliza tu. Mimi naamini hapa ndipo jina lake lilipotia mizizi, kuliko Berlin.

Solfa hiyohiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Wamisionari waliibeba Afrika, na mpaka leo ukiingia kwenye mazoezi ya kwaya nyingi za Mtwara na Lindi utakuta ubao umeandikwa kwa chaki, s kwa s, mwalimu anagonga meza, besi wamechelewa. Na solfa ilizaa watunzi wake. Enoch Sontonga, mzaliwa wa jimbo la Cape mashariki, alikuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa kwaya jirani na Johannesburg. Aliandika nyimbo zake kwenye daftari, kwa solfa, kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1897 aliandika mmoja, ukaimbwa hadharani mwaka 1899 kwenye kuwekwa wakfu kwa mchungaji. Alifariki mwaka 1905 bila kuona kitabu kilichochapwa chenye jina lake. Kwaya zikaendelea kuazimana na kunakili. Mwaka 1912 wimbo ule uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London. Mwaka 1961 Tanganyika ikaufanya wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Watoto wanauimba mstarini kutoka Kilwa hadi Nanyumbu. Waulize walimu wao ni nani aliyeutunga.

Dvořák na Sontonga waliishi zama zilezile, wote wawili watu wa kanisa na kwaya, wote wametoka pembezoni mwa dola ya wengine. Muziki wa Sontonga ulisafiri bila jina lake, na wa Dvořák ukasafiri na jina juu ya kila ukurasa. Hii ndiyo sehemu ya suala zima ambayo tunaichanganya tukisema fulani amevuma. Kuna kuvuma kwa wimbo na kuna kuvuma kwa mtunzi, na kila kimoja kina chombo chake. Wimbo unabebwa na midomo. Jina linabebwa na karatasi iliyochapwa, mkataba na gazeti. Nina nota mbele yangu hapa, wimbo mzuri wa Bikira Maria tunaouimba kila Mei. Ni fotokopi ya fotokopi. Mashine imekula sentimita mbili za juu, na hizo sentimita mbili ndipo lilipokuwa jina. Imebaki herufi moja ya mwisho, "a", na alama ya nukta. Nimewauliza walimu wa Lindi, wao wana nakala iliyokatwa zaidi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo, lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda mtu ambaye mashine imeshamkata.

Turudi kwa Simrock, maana umaarufu ulipokuja vita vilianza. Vilikuwa viwili, vya pesa na vya jina. Mwaka 1885 Dvořák alimpelekea simfonia aliyowatungia watu wa London. Simrock akatoa mark 3,000. Dvořák akataka 6,000, akashikilia, akazipata. Miaka michache baadaye Simrock alitoa mark 1,000 tu kwa simfonia nyingine, akisema simfonia hazilipi, yeye anataka vipande vidogo vya piano. Dvořák akaipeleka kwa Novello. Mtu aliyechukua mark 300 kimya kimya sasa alikuwa na mnunuzi wa pili, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Vita vya jina vilikuwa vichungu zaidi. Simrock alichapa "Anton", kwa Kijerumani, na vichwa vya habari vya Kijerumani peke yake. Dvořák alitaka "Antonín", na Kicheki kiwepo kando. Simrock aliona ni siasa. Dvořák akamjibu kwa barua kwamba msanii naye ana nchi yake, na lazima awe na imani na upendo kwa nchi hiyo. Wakafikia suluhu ya kuchekesha: "Ant." Kila mtu akasome anavyotaka. Na hayakuwa mambo madogo. Simfonia yake ya D meja ilikuwa imeombwa Vienna mwaka 1880, ikaahirishwa na kuahirishwa wakati chuki dhidi ya Wacheki inapanda mjini humo, mwishowe ikapigwa kwanza Prague mwaka 1881. Aliwahi kushawishiwa atunge opera ya Kijerumani ili afunguliwe milango ya Vienna. Hakuitunga. Wapo wanaosema alijiuza kwa ladha za nje, wakitaja zile ngoma. Nikitazama haya, naona mtu aliyekubali kipimo cha soko mara moja, akapata nafasi, kisha akatumia nafasi hiyo kugomba.

New York ilikuja kwa simu ya maandishi. Jeannette Thurber, mke wa mfanyabiashara mkubwa wa vyakula, alikuwa ameanzisha chuo cha muziki cha taifa mwaka 1885, na alitaka mkurugenzi mwenye jina la dunia. Mshahara aliotoa ulizidi zaidi ya mara 20 ule wa ualimu wa Prague. Familia ya Dvořák ilijadili, akakubali. Thurber hakuajiri mpiga viola wa Prague. Alinunua jina lililokwisha kukuzwa na Berlin na London. Umaarufu ukifika kiwango fulani hujivuta wenyewe, na hapo ndipo watu huanza kuuona kama muujiza.

Chuo kile kilipokea wanawake na Wamarekani Weusi, jambo lisilokuwa la kawaida wakati ule. Mmoja wa wanafunzi, Harry Burleigh, ambaye babu yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru, alimwimbia Dvořák nyimbo za kiroho za watu wake jioni nyingi. Mei 1893 Dvořák alinukuliwa na gazeti la New York Herald akisema kwamba muziki wa Marekani wa kesho utajengwa juu ya nyimbo za Weusi. Baadhi ya wanamuziki wazungu walikasirika. Msikilizeni lakini: huyu ni Mcheki aliyekuwa amepigania herufi za jina lake huko Berlin. Hakuhitaji kuelezwa maana ya muziki wa watu wanaodharauliwa.

Tarehe 16 Desemba 1893, katika ukumbi wa Carnegie, Anton Seidl aliongoza simfonia mpya, "Kutoka Dunia Mpya". Ukumbi ulisimama. Simrock aliichapisha mwaka uliofuata, na aliyesahihisha prufu kwa niaba ya mtunzi aliye ng'ambo alikuwa Brahms, mtunzi aliyefikia kilele cha jina akihangaika na makosa ya chapa ya mwenzake. Hayo ndiyo mapendekezo ya kweli, si yale ya kusema "nitakuombea".

Mwenye kutafuta simfonia hii kwenye vitabu vya zamani atakwama: inaitwa ya tano. Sasa inaitwa ya tisa. Simfonia nne za mwanzo hazikuchapwa akiwa hai, kwa hiyo kwa dunia ya nje hazikuwepo, na hesabu ilianzia pale Simrock alipoanza kuchapa. Ile ya D meja, ambayo kweli ni ya sita, ikawa ya kwanza. Mbaya zaidi, mchapishaji alichukua simfonia ya F meja ya mwaka 1875, iliyokuwa na namba ya opusi (namba ya kazi ya mtunzi) 24, akaitoa baadaye kama opusi 76 ili wanunuzi wadhani ni mpya. Dvořák alilalamika. Hesabu haikurekebishwa mpaka karne ya 20. Kwa miongo mingi historia ya mtu ilisomwa kwa mpangilio wa risiti za muuzaji.

Na hata yeye hakuepuka yaliyompata Sontonga. Mwaka 1922 mwanafunzi wake wa zamani, William Arms Fisher, alichukua sauti ile ya polepole ya simfonia ya New York akaitia maneno ya Kiingereza kuhusu kurudi nyumbani. Ukaimbwa makanisani na misibani Marekani nzima, na mpaka leo wapo wengi wanaoapa kwamba ni wimbo wa kale wa watumwa, na kwamba Dvořák ndiye aliyeuiba.

Mwaka 1893 biashara za Marekani ziliporomoka, mume wa Bi Thurber akayumba, mishahara ikaanza kuchelewa. Dvořák alirudi nyumbani mwaka 1895. Sasa alikuwa mtunzi mkubwa, hahitaji ruzuku wala barua ya Brahms, na aliamua kuwatungia watu wake opera kwa Kicheki. Rusalka, hadithi ya binti wa majini anayempenda mwanadamu, ilionyeshwa Prague tarehe 31 Machi 1901 na watu wakaipenda tangu siku ile. Mtu yuleyule, jina lileile, tena katika kilele chake. Lakini opera ya Kicheki inataka waimbaji wanaokijua Kicheki au mfasiri hodari, inataka ukumbi wa kuigharamia, na haikupata Simrock wa kuiweka kwenye maduka ya Ulaya wala kwaya ya watu 800 ya kuibeba. Mazungumzo ya kuipeleka Vienna kwa Gustav Mahler, mkuu wa opera ya huko, yalivunjika. Dvořák alifariki tarehe 1 Mei 1904. Metropolitan Opera ya New York, jumba kubwa la opera la mji uliomlipa dola 15,000, iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1993.